Hatuli nguruwe, basi mnyoo huu umetoka wapi?

Ijumaa moja, baada ya swala, katika msikiti mmoja wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alisimama mzee mmoja wa Kimakonde akaomba ruhusa ya imamu aseme maneno mawili. Alikuwa na mjukuu wake wa miaka tisa aliyeletwa kutoka Newala. Mtoto yule alikuwa akianguka kifafa kwa karibu mwaka mzima, kisha akaanza kuumwa kichwa, kutapika kila asubuhi na macho kupoteza nuru. Madaktari walimpiga picha ya kichwa, wakasema ndani ya ubongo kuna kifuko cha maji chenye mnyoo mchanga, nacho kimeziba njia ya maji ya ubongo. Hana budi kupasuliwa, na fedha hazijatimia.

Mzee hakumaliza maneno yake. Kofia zilizungushwa, na kabla watu hawajavaa viatu vyao kile kilichopungua kilikuwa kimepatikana, na ikabaki ya nauli. Wengi wetu pale asili yetu ni Kusini: Masasi, Newala, Tandahimba. Sura ya mtoto yule hatukuijua, lakini mtoto tulimjua. Nilitoka msikitini na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Furaha ile nilikaa nayo wiki mbili tu. Iliniishia wodini, nilipokwenda kumjulia hali mtoto nikamkuta baba yake akimuuliza daktari swali ambalo, nakiri, hata mimi nilikuwa nalo moyoni.

“Daktari, sisi ni Waislamu. Mwanangu hajaonja nguruwe tangu azaliwe. Mnasema mnyoo huu ni wa nguruwe. Umemwingiaje?”

Daktari alivuta kiti akaketi. “Baba, anayekula nguruwe mgonjwa hupata tegu tumboni. Mwanao hakula nguruwe. Mwanao alimeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka katika kinyesi cha binadamu.”

Baba wa mtoto alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu jibu lile lilihamisha lawama kutoka mahali nilipozoea kuiweka. Makala haya ni juu ya mahali lawama ile ilipohamia.

Ndugu msomaji, hebu tuifuate njia ya mnyoo huu, maana bila kuijua njia hatuwezi kujua nani anadaiwa nini. Tegu wa nguruwe huishi katika utumbo wa binadamu na hufika urefu wa mita kadhaa. Aliyenaye amempata kwa kula nyama ya nguruwe mgonjwa isiyoiva sawasawa. Mara nyingi mtu huyo haumwi kitu. Anakula, anafanya kazi, analea watoto, wala hajui kwamba aendapo haja anaweza kutoa maelfu ya mayai yasiyoonekana kwa macho. Akiwa na choo kizuri, habari huishia shimoni. Akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hula kinyesi kile, na mayai yakawa vifuko vidogo katika nyama yake. Nyama hiyo ikiliwa haijaiva, mzunguko umetimia.

Lakini ipo njia ya pili. Mayai yale yale yakiingia kinywani mwa binadamu, kwa mkono usionawa, kwa mboga isiyooshwa, kwa embe lililookotwa chini au kwa maji machafu, mnyoo humtumia binadamu kama unavyomtumia nguruwe. Vifuko hujijenga katika misuli, katika macho na katika ubongo. Kifuko cha ubongoni kinaweza kukaa kimya miaka mingi. Mara nyingi kifafa huja pale mnyoo unapoanza kufa, mwili ukautambua na kupigana nao. Katika safari hii ya pili hakuna mahali popote mtu anapoulizwa amekula nini wala anaabudu vipi.

Si ugonjwa wa kufikirika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu wagonjwa 30 kati ya kila 100 wa kifafa wamekipata kwa sababu yake. Hapa nchini, mtaalamu wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha za kichwa watu zaidi ya 200 wenye kifafa katika Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009, takriban mmoja kati ya sita alikutwa na alama za vifuko hivi.

Na anayedhani kwamba kujiepusha na nyama ile kunatosha kuwa kinga, asikilize habari ya New York. Mwaka 1992 jarida la tiba la New England Journal of Medicine liliandika juu ya wagonjwa wanne wa jamii ya Mayahudi wanaoshika dini sana, watu ambao kama sisi hawagusi nguruwe. Wote walikuwa na kifafa na vifuko vya mnyoo huu ubongoni. Uchunguzi ulielekea jikoni: familia zile zilikuwa na wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na Kati, ambako ugonjwa huu ni wa kawaida. Madaktari wa Kuwait nao wameandika juu ya wagonjwa walioupata ugonjwa huo huo humo humo nchini mwao, katika nchi ambayo nguruwe hauzwi sokoni.

Tafadhali, msomaji, usiisome habari hiyo kwa kumnyooshea kidole mfanyakazi. Mwanamke yule alitoka katika kijiji kisicho na choo wala mkaguzi wa nyama, akaja kufagia nyumba ya mwenye nacho. Mwenye nyumba aliilinda sahani yake kwa sheria zote za dini, lakini hakuwahi kujiuliza kama yule anayeipakua sahani ile amewahi kumwona daktari. Aliinunua halali ya chakula, akasahau afya ya mkono unaokipika. Nasi wakazi wa mijini tunao dada wa kazi majumbani mwetu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kumpeleka dada hospitali akapimwa, akapewa dawa ya minyoo pamoja na watoto wetu, kwa heshima ile ile na siku ile ile?

Swali la msingi basi ni hili: je, mtu anaweza kuwa safi peke yake?

Tumezoea kuihesabu tohara kama mali ya mtu binafsi. Nimetawadha, nguo yangu ni safi, chakula changu ni halali, basi mimi niko sawa. Jirani na mambo yake. Mbele ya Mola, kila mtu kweli ataulizwa yake. Lakini mwili wa mtoto wa Newala unatufundisha kwamba hapa duniani usafi wa mmoja unamalizikia katika choo cha mwingine. Na ukirejea mafundisho utaona kwamba dini haikuwahi kuufanya usafi kuwa jambo la mtu mmoja. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu wasijisaidie katika njia wanazopita wenzao, katika vivuli wanavyopumzikia na mahali wanapochota maji, na akalihesabu jambo hilo kuwa lenye kuleta laana. Angalia mahali palipotajwa: njia, kivuli, maji. Vyote vitatu ni vya watu wote. Aliyekatazwa ni mtu mmoja, lakini anayelindwa ni mpita njia asiyejulikana, yaani mtoto wa mtu mwingine.

Sasa, mbele ya ugonjwa kama huu, zipo njia mbili rahisi za kulikwepa swali. Ya kwanza ni kusema ni majini, au kusema ni qadar, tukaishia hapo. Baba wa mtoto yule alipoteza miezi mingi akihangaika na makombe na visomo, na kila mwezi kile kifuko kilikuwa kikikua. Sisemi haya kwa kuidharau dua. Dua ni silaha ya Muumini, na wodini pale tuliomba sote. Lakini dua haimkatazi mtu dawa. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akienda Sham akapata habari ya tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kwa maana kwamba anatoka katika qadar moja ya Mola na kuingia katika nyingine. Kumpeleka mtoto hospitali ni qadar, na kumwacha nyumbani ni qadar. Tutakachoulizwa ni tulichochagua tukiwa na uwezo wa kuchagua.

Tena imani hii ya majini ina mzigo wake juu ya mgonjwa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, alikuta watu wakiogopa kumgusa mtu aliyeanguka, kwa kudhani kifafa kinaambukiza. Wagonjwa walianguka motoni wakaungua, na wapo waliokuwa karibu wasithubutu kuwavuta. Hofu ile haijatutoka. Ni mtoto gani mwenye kifafa unayemjua anayeachwa akae safu ya mbele madrasa, au anayealikwa harusini?

Njia ya pili ya kulikwepa swali ni kumtafuta wa kumlaumu, na kwetu sisi huyo yuko karibu: mfuga nguruwe. Lakini anayeijua Masasi na Newala anajua ugumu wa lawama hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walianza kazi Masasi mwaka 1876, na Uislamu ukashika mizizi Newala. Leo nyumba za Waislamu na za Wakristo zimechanganyika katika vijiji vile vile, wanazikana na wanaoana. Mtoto tunayemzungumza ana mjomba wake Mkristo, tena huyo ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kituo cha basi. Zaidi ya hayo, kifuko cha ubongoni hakikutoka moja kwa moja kwa nguruwe. Kilitoka kwa mtu, na mtu huyo hajijui. Anaweza kuwa jirani, muuza maandazi, mgeni aliyelala siku mbili, au mtu wa ndani ya nyumba ile ile. Nguruwe mwenyewe kaupata ugonjwa kwetu sisi binadamu.

Fiqhi yetu inatofautisha anayedhuru kwa kukusudia, anayedhuru kwa uzembe na anayedhuru bila kujua. Huyu mwenye tegu yuko kundi la tatu, na huwezi kumhukumu. Basi je, hakuna wa kuulizwa? La hasha! Uzembe haukai kwa asiyejua. Unakaa kwa yule anayejua na anaweza, kisha hafanyi. Na tangu siku ile wodini, mimi ni miongoni mwa wanaojua. Wewe nawe uliyefika aya hii, umeingia.

Wengine wameniuliza juu ya upasuaji wenyewe, kama ni halali kumfungua mtoto kichwa. Jambo hili ni jema kulieleza, kwa kuwa hofu huua. Kwanza, wagonjwa wengi wa vifuko hivi hawahitaji kisu. Watoto wengi hukutwa na kifuko kimoja, na hutibiwa kwa dawa za kuzuia kifafa, pamoja na dawa za kuua minyoo zinazotolewa sambamba na dawa za kupunguza uvimbe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya matibabu haya. Lakini mtu asikimbilie duka la dawa kumtibu mwenyewe mtoto wake aliye na kifafa, kwani minyoo ikifa kwa mkupuo bila usimamizi, ubongo huvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Picha ya kichwa hutangulia.

Kisu kinahitajika pale kifuko kinapokaa katika vyumba vya maji ya ubongo na kuziba njia. Maji yakikosa pa kupita, kichwa kinajaa, macho yanapofuka, na mtoto anaweza kufa. Hapo daktari huingiza mrija mwembamba wenye kamera na kukivuta kile kifuko, au huweka mpira wa kuyapeleka maji tumboni. Hapa nchini upasuaji wa ubongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliyefanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE aliendeleza njia ya kuwatibu watoto wenye vichwa maji kwa kutoboa mlango mpya wa maji ndani ya ubongo, wengi wao bila kuwekewa mpira. Na yeyote anayeona haya ni mambo ya kigeni, akumbuke kwamba Al-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu wa Andalusia aliyeishi miaka elfu moja iliyopita, aliandika juu ya maji ya kichwani kwa watoto na namna ya kuyatoa. Naye Imamu Ghazali, katika Ihya, aliitaja tiba kuwa ni faradhi kifaya, akalalamika kwamba watu wanaikimbia wakigombea elimu zenye vyeo. Anayepeleka mtoto wake kwa mpasuaji, baada ya kuelezwa na kuridhia, yuko ndani ya urithi wake.

Lakini swali zito zaidi nililisikia barazani, si wodini. Jamaa mmoja, mtu wa hesabu, alisema: “Kwa fedha tulizochangia kichwa kimoja, tungechimba vyoo vya kitongoji kizima. Watoto wangapi wangeokoka? Huoni kama tumekosea?”

Wengine walimkasirikia. Mimi nilimwona ameuliza swali la haki, ingawa jibu lake si lile alilolitaka.

Hatukukosea kumtibu mtoto yule. Mtoto aliye mbele yako ana haki juu yako ambayo huwezi kuihamisha. Huwezi kumwambia baba yake, subiri mwanao afe ili nikachimbe shimo. Anayehesabu roho kama magunia ya korosho, akaacha moja izimike mikononi mwake kwa faida ya nyingine ambazo hazijaugua, amesahau kwamba roho moja mbele ya Mola ina uzito wa watu wote. Mtoto tunayemwona ana haki.

Lakini asiyeonekana naye ana haki! Hapa ndipo tulipopungukiwa. Mtoto wa kesho, ambaye mwaka huu anaokota maembe chini ya mti na hajaugua bado, hana mzee wa kusimama msikitini kumwombea, hana picha ya kichwa wala kilio. Kwa kuwa hatumwoni, tunadhani hatudai. Kumbe deni lake ni lile lile, na kulilipa ni rahisi zaidi. Tofauti kati ya watoto hawa wawili haiko katika haki zao. Iko katika macho yetu. Na dini iliyotufundisha kuamini ghaibu haiwezi kukubali kwamba asiyeonekana hayupo.

Zaidi ya hapo, kuna kanuni ya fiqhi kwamba kuondoa madhara kunatangulia kutafuta manufaa. Choo na maji ya kunawa ni kuondoa madhara. Anayechangia upasuaji peke yake kila mwaka, bila kugusa kinacholeta ugonjwa, anafanana na mtu anayelipa fidia ya ukuta unaoangukia watu na hataki kuujenga upya. Fidia ni wajibu, na ukuta pia ni wajibu.

Wenzetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, walilipitia somo hili. Huko kuna mnyoo mwingine, wa mbwa, unaoacha vifuko vikubwa katika ini, mapafu na wakati mwingine ubongo, na watoto wamo miongoni mwa wanaopatwa. Eneo lile lilijulikana kuwa na wagonjwa wengi kupita karibu kila mahali duniani. Madaktari walipasua, na kazi yenyewe ni ya uangalifu mkubwa, kwa sababu kifuko kile kikipasuka ndani ya mwili kinaweza kumwaga mbegu za vifuko vingine. Lakini wagonjwa hawakuisha. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza mpango mpana zaidi: kisu kiliendelea, lakini mbwa wakatibiwa na waliozurura wakapunguzwa, na watu wakafundishwa. Hawakuchagua kati ya mgonjwa na chanzo. Walivishika vyote viwili.

Nirudi nyumbani. Miezi kadhaa baada ya upasuaji, msimu wa korosho, nilipanda kwenda Newala katika hitma ya shangazi yangu. Anayeijua Newala anaijua shida yake: mji uko juu ya uwanda, ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde chini mpaka upande wa Ruvuma, lakini mto haupiti mlangoni kwako. Kwa miaka mingi maji yamesukumwa kutoka bonde la Mitema, na yasipofika watu hutegemea visima vya saruji vya kukingia mvua au hununua kwa ndoo. Mahali ambapo ndoo ya maji inanunuliwa, kunawa mikono ni jambo la kuhesabiwa.

Nikaenda kuiona madrasa anakosoma yule mtoto. Watoto walikuwa wengi, sauti zao za kusoma zinapendeza. Nikauliza choo kilipo. Ustadhi akanionyesha shimo lililotitia na ukuta wa makuti uliolala chini. Watoto wanakwenda kwenye mikorosho. Pembeni kulikuwa na ndoo moja na kopo moja, kwa udhu wa wote.

Nikamwambia ustadhi, mbona hamkusema? Akanitazama kwa adabu, akasema: “Mjomba, tumewaandikia huko kwenu Dar mara mbili. Mlituletea zulia na vipaza sauti.”

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi nilikuwa katika kamati iliyonunua lile zulia.

Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kila wakitaka maji, iliwabidi wapite kwa wa juu, wakafikiri watoboe upande wao ili wasiwasumbue wenzao. Wa juu wakiwaacha, wote huzama. Wakiwashika mkono, wote huokoka. Tumezoea kuusoma mfano huu kama onyo kwa watoboaji. Hebu tuusome tena. Wa chini hawakuwa waovu. Walitaka maji! Jambo la kujiuliza ni kwa nini maji yalikuwa juu peke yake, na wa juu walifanya nini kuyashusha. Sisi tulioko Mbagala, Kariakoo na Magomeni, wenye bomba na choo cha kuvuta, ndio wa juu. Na jahazi ni moja, kwani mabasi ya Kusini yanaingia na kutoka kila siku, tangu daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003. Anayepika chakula chetu, anayekata mchicha wetu, anayelea watoto wetu, wengi wao wametoka katika vijiji vile vile tulivyoviacha.

Wala kuchimba vyoo si jambo lililotushinda. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo kwa mikono yao. Hawakusubiri mfadhili. Waliofanya hivyo ni wazazi wetu, na walikuwa maskini kuliko sisi.

Napendekeza basi mambo matatu, nayo si makubwa. La kwanza, kila jumuiya ya watu wa Kusini hapa mjini, kabla ya kutuma zulia, ituulize sisi wanakamati: je, madrasa hii ina choo, maji na sabuni? Kama haina, zulia lisubiri. La pili, maimamu wetu wanapofundisha mlango wa tohara, wasiishie kwenye aina za maji na namna ya kutawadha. Waseme pia juu ya choo cha jirani, mkono wa mpishi na mboga ya sokoni. La tatu, mtoto anayeanguka kifafa apelekwe hospitali mapema, iwe Mkomaindo, Ndanda au kwingineko, na kisomo kiende pamoja naye badala ya kumchelewesha. Na kampeni ya choo isibague. Tukichimba vya Waislamu tukaacha vya majirani zetu wafuga nguruwe, tutakuwa hatujaelewa hata neno moja la daktari yule.

Mtoto yuko hai, alhamdulillah. Kifuko kilitolewa, macho yamerudi, na bado anameza vidonge vya kifafa kila jioni. Siku ile nilimkuta amekaa safu ya nyuma, kovu lake limefunikwa na kofia, anasoma Alif kwa sauti kuliko wenzake. Walipopewa mapumziko alikimbia nao kuelekea kwenye mikorosho.

Tulimtoa mnyoo kichwani kwa fedha za Ijumaa moja, kisha tukamrudisha pale pale alipoupata. Baba yake aliuliza umetoka wapi. Sasa tunajua. Kilichobaki ni kuzungusha kofia kwa mara ya pili, safari hii kwa ajili ya mtoto ambaye hakuna aliyesimama kumwombea.

Wabillahi tawfiq.